Klachi ya gari dogo: ipime kwanza kabla ya kushusha gia boksi (Probox, Vitz na Kirikuu)

Spana12 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Maswali ya klachi yamekuwa mengi na karibu kila jibu linaishia kwenye "nunua seti nzima, shusha gia boksi". Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni kazi ya siku nzima kwa tatizo la nusu saa, au mbaya zaidi, seti mpya inafungwa juu ya ugonjwa ule ule ulioiua ya zamani, na baada ya miezi michache gari linarudi.

Nitatumia mfano wa Toyota Probox na Succeed zenye injini ya 1NZ-FE na gia boksi ya mkono ya gia tano, kwa sababu ndizo zinazobeba mizigo kila siku na spea zake utazipata Gerezani pale Kariakoo kama utakavyozipata Kirinyaga Road, Nairobi. Vitz ya gia za mkono haitofautiani sana nayo.

Kwanza tenganisha magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya: klachi isiyoshika na klachi isiyoachia. Isiyoshika inateleza: injini inalia, gari haliendi. Isiyoachia ni kinyume chake: umekanyaga pedeli hadi chini lakini injini bado inaizungusha gia boksi, kwa hiyo gia zinakuwa ngumu na rivasi inakwaruza. Pleti, yaani kisahani cha msuguano kinachobanwa na presha kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), ikilika huleta ugonjwa wa kwanza. Wa pili mara nyingi uko kwenye mafuta ya klachi, silinda ya juu (ya kwenye pedeli), silinda ya chini (ya kwenye gia boksi) au urefu wa pedeli, na hayo yote hufanyiwa kazi bila kugusa gia boksi. Ukimsikia mtu anasema "gia haziingii, klachi imeisha", mwulize kwanza amepima nini.

Kupima kuteleza. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, panda hadi gia ya nne, tembea 50 hadi 60 kwa saa, halafu kanyaga mafuta yote kwa ghafla. Mizunguko na kasi lazima vipande pamoja, kwa kuwa kwenye gia moja uwiano wake haubadiliki. Mlio ukiruka juu halafu kasi ikafuata nyuma taratibu, pleti inateleza. Baadhi ya Probox hazina mshale wa mizunguko, hapo sikio linatosha. Fanya kwenye gia ya nne au ya tano, maana gia ya kwanza na ya pili humpa injini kazi nyepesi na pleti iliyochoka nusu itakudanganya kwamba ni nzima. Ndiyo maana gari linaweza kutembea vizuri mjini likashindwa mlima wa Kitonga.

Kama huna barabara: hendibreki juu, vizuizi kwenye matairi, mbele ya gari pasiwe na mtu. Ingiza gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi kwa utaratibu. Injini lazima izime palepale. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, zima mwenyewe haraka. Jaribio hili lisizidi sekunde mbili na lisirudiwe rudiwe, kwa sababu hapo unaichoma pleti na flaiwili kwa makusudi.

Kupima kutoachia. Injini kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta), kanyaga pedeli hadi mwisho, subiri kama sekunde tano, ingiza rivasi. Rivasi ya gia boksi hizi haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia), kwa hiyo haina cha kuficha: shafti ya kuingilia gia boksi ikiwa bado inazunguka utasikia meno. Ikikwaruza, pampu pedeli mara nne tano haraka kisha jaribu tena. Ikiingia kimya baada ya kupampu, mfumo wa mafuta ya klachi una hewa au unavuja. Ikiingia kimya mwanzoni halafu gari likaanza kusogea lenyewe taratibu huku mguu umeshikilia pedeli chini, kipira cha ndani cha silinda ya juu kinapitisha mafuta. Hiyo huwezi kuiona kwa nje, hakuna tone hata moja chini ya gari.

Nikipata nafasi naweka hatua za kushusha na kufunga. Wenye uzoefu ongezeeni.

GerejiYaMama

Uzi mzuri. Naongeza jambo moja ambalo linaruka sana: kuna kuteleza kunakosababishwa na mfumo wa mafuta ya klachi, sio pleti.

Kati ya fimbo ya pedeli na pistoni ya silinda ya juu lazima kuwe na nafasi ndogo, milimita 1 hadi 5 ukipima juu ya pedeli. Mtu akirefusha fimbo hiyo ili "pedeli ishike juu", pistoni hairudi mpaka mwisho na kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikombe kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma silinda ya chini, na presha inaanza kuachia yenyewe. Dalili yake: asubuhi gari zima, baada ya foleni linateleza, likipoa linapona.

Paipu ya mpira iliyozeeka hufanya vivyo hivyo. Kwa ndani imevimba, mafuta yanakwenda kwa nguvu ya mguu lakini yanarudi kwa shida.

Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa linateleza, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya silinda ya chini robo mzunguko. Mafuta yakiruka kwa msukumo bila mtu kukanyaga pedeli na kuteleza kukaisha, achana na gia boksi. Shida iko juu.

Spana12

Asante sana mama, hiyo ilitakiwa iwe kwenye posti ya kwanza. Kwa ujumla uhuru wa pedeli, yaani ule mwendo mwepesi kabla hujasikia uzito, uwe milimita 5 hadi 15. Pungufu ya hapo usiendelee na uchunguzi mwingine kabla hujaurekebisha.

Kidole_cha_Presha

Sauti nazo zinasema mengi, ila watu huzisoma kinyume. Gari likiwa nyutro, injini inaunguruma, mguu hauko kwenye pedeli: ukisikia mvumo unaopotea ukikanyaga klachi, hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia ndani ya gia boksi. Klachi haihusiki. Sauti ikianza pale unapokanyaga, hasa ule mlio mkavu wa kukwaruza, ni beringi ya klachi au vidole vya presha (ncha za springi yake) vilivyolika pale beringi inapogusa. Wako wanaobadilisha seti nzima kwa mvumo wa aina ya kwanza, wanafunga, mvumo uko palepale.

Mtikisiko wakati wa kuondoka ni habari nyingine. Kabla ya kulaumu pleti tazama maunti za injini (viegemeo vya mpira vinavyoishikilia). Fungua boneti, mwenzako avute gari mbele na nyuma kidogo huku amekanyaga breki, uone injini inaruka kiasi gani. Maunti iliyochanika upande wa gia boksi inatetemesha gari kama klachi mbovu. Zikiwa nzima, basi ni oili kwenye pleti au flaiwili yenye madoa ya moto.

Tanga_Spea

Swali. Rivasi inakwaruza asubuhi tu gari likiwa limelala, baada ya kilomita mbili tatu inaingia vizuri siku nzima. Pedeli haina upepo, nimeshakagua. Nianzie wapi?

Kidole_cha_Presha

Anza na oili ya gia boksi. Ikiwa mtu aliweka oili nzito kuliko 75W-90, asubuhi inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia kabisa, mpaka ipate joto. Mwaga, weka lita 1.9 za 75W-90, kisha sikiliza siku chache.

Isipopona, na kwa kuwa uko pwani, fikiria kutu. Gari likilala nje kwenye hewa ya bahari, pleti inashika kidogo kwenye flaiwili, na meno ya katikati ya pleti yanakauka kwenye shafti yasiteleze mbele na nyuma. Pleti ikishindwa kurudi nyuma hata ile nusu milimita inayohitajika, inabaki inasugua. Dawa yake ya kudumu ni kushusha, kusafisha meno ya shafti kwa brashi ya waya na kuweka grisi kiasi.

Spana12

Sasa kushusha. Hapa ndipo pleti nyingi mpya huharibiwa kabla hazijatembea hata mita moja.

Toa betri na trei yake, boksi la hewa, waya wa swichi ya rivasi, wa sensa ya kasi, na nyaya mbili za gia pamoja na klipu zake. Silinda ya chini ifungue na kuiweka pembeni ikiwa na paipu yake, ifunge kwa waya isining'inie, na mtu yeyote asikanyage pedeli mpaka irudi, pistoni itatoka. Toa stata. Mwaga oili ya gia boksi kabla ya kuvuta shafti za magurudumu, vinginevyo itamwagika yote sakafuni.

Nati ya shafti gurudumuni huchukua boksi ya spana ya 30 na ina mdomo uliogongwa kuingia kwenye mfereji. Inua mdomo huo kwa tindo nyembamba kwanza. Ukiilazimisha hivyo hivyo unararua nyuzi za shafti, na shafti ni ghali kuliko klachi. Legeza nati tairi likiwa bado chini. Halafu tenganisha balijointi ya chini, vuta nako (kishikio cha haba ya tairi) pembeni, chomoa shafti kwa wenzo mfupi karibu kabisa na ukuta wa gia boksi. Kama gari lina ABS angalia waya wa sensa usivutike.

Injini ishikiliwe kwa juu, kwa mnyororo na boriti iliyolala juu ya pande mbili za boneti. Wanaoweka jeki chini ya sampo (bakuli la oili la injini) wajue kwamba sampo ya chini ya 1NZ ni bati: ikibonyea ndani inasogelea chujio la kufyonzea oili, na injini inakosa presha ya oili wiki ijayo bila mtu kujua sababu. Kama huna njia nyingine, weka ubao mpana, na jeki ishikilie tu, isiinue.

Toa maunti ya upande wa kushoto na ya nyuma, kisha bolti zinazoifunga gia boksi kwenye injini. Kumbuka kila bolti ilikotoka maana urefu unatofautiana. Weka jeki chini ya gia boksi na uivute ikiwa imenyooka mpaka shafti ya kuingilia itoke kabisa kwenye pleti. Isiachwe ininginie kwenye shafti hata kwa sekunde. Uzito wake wote unaangukia kitovu cha pleti, na wakati wa kurudisha ndivyo pleti mpya inavyopinda. Pleti iliyopinda haiachii, na utalaumu silinda bure.

Presha ina bolti sita. Legeza kila moja mzunguko mmoja kwa zamu, kwa mtindo wa msalaba, mpaka nguvu ya springi iishe. Ukifungua upande mmoja wote, presha inapinda.

Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa. Pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowanisha kwa kitambaa cha maji, futa, tupa kitambaa.

MzeeWaLezi

Hapo kwenye vipimo niongezee, kwa kuwa watu hununua vitu vizima na kuacha vibovu.

Pleti: pima kina kutoka uso wa laini (tabaka la msuguano) hadi kichwa cha riveti. Chini ya milimita 0.3 imekwisha. Izungushe kwenye shafti, ikiyumba zaidi ya milimita 0.8 imepinda. Springi za kitovu zikicheza kwa mkono, itupe hata kama laini bado nene. Presha: tazama vidole. Mfereji uliochimbwa na beringi ukizidi kina cha milimita 0.6 au upana wa milimita 5, haifai. Ncha za vidole zote ziwe usawa mmoja, tofauti isizidi nusu milimita.

Flaiwili ndiyo inayosahaulika. Madoa ya buluu ni sehemu zilizopata moto mkali zikawa ngumu kuliko nyingine. Pleti mpya ikikutana nazo inashika, inaachia, inashika, na gari linatetemeka kila ukiondoka. Nyufa ndogo ndogo za juu juu zinatoka kwenye mashine. Ufa ambao ukucha wa kidole unaingia, badilisha flaiwili. Yumbo lake upime kwa saa ya kupimia (dial gauge), lisizidi milimita 0.1. Ukiipeleka kuchongwa, mwambie fundi wa lezi (mashine ya kuchonga chuma) achonge uso wote wa msuguano kwa mkupuo mmoja, na kama flaiwili yako ina ngazi kati ya uso wa pleti na uso wa kufungia presha, achonge pande zote mbili kwa kipimo kile kile. Akichonga pale pleti inapogusa tu, umeongeza kina, presha inabana kidogo, na klachi mpya inateleza tangu siku ya kwanza. Akichonga pale presha inapofungwa tu, mbano unazidi na vidole vinakaa vibaya.

Kusugua kwa msasa mkono ni kuondoa mng'aro, hakusawazishi kitu. Kama haina madoa wala mifereji, msasa wa namba 120 kwa mwendo wa kuzungukazunguka unatosha.

GerejiYaMama

Na kabla hamjanunua chochote, tafuteni oili imetoka wapi. Pleti ikiwa na unyevu mweusi, angalieni ukuta wa nyuma wa injini. Ukiwa umelowa kuanzia katikati kwenda chini, ni seli (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini). Upande wa gia boksi ukiwa umelowa kuzunguka shafti, na harufu ni ile kali ya kiberiti, ni seli ya shafti ya kuingilia. Unyevu ukianzia juu kabisa, unashuka kutoka kava la valvu, na hapo seli ya kranki haina kosa.

Nafunga seli ya kranki mpya kila gia boksi inaposhuka, iwe inavuja au haivuji. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo mahali ambapo hutafika tena bila kazi hii yote. Igongwe mpaka iwe sawasawa na uso wa nyumba yake, si zaidi, na mdomo wake upakwe grisi kidogo. Ikiwa flaiwili imetoka, bolti zake za 1NZ zinakazwa Nm (newtoni-mita) 49 kwanza, kwa mtindo wa msalaba, halafu kila moja inaongezwa nyuzi 90 (robo mzunguko). Pleti iliyoingia oili isioshwe kwa petroli na kurudishwa. Oili imeshaingia kwenye laini, joto litaitoa tena.

Spana12

Kufunga. Linganisha pleti mpya na ya zamani juu ya meza kabla ya kitu kingine: kipenyo, idadi ya meno ya katikati (Toyota ndogo nyingi ni 21), na urefu wa kitovu. Ingiza pleti kwenye shafti ya gia boksi kwa mkono. Lazima iteleze bila kulazimishwa na bila kucheza. Watu huuziwa pleti ya injini ya 1SZ au 2NZ kwa ajili ya 1NZ kwa sababu boksi limeandikwa Vitz. Jina la gari halitoshi, nenda na ya zamani mkononi.

Futa uso wa flaiwili na presha kwa dawa ya kusafishia breki, kwani presha mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Toka hapo usiguse nyuso hizo kwa vidole vyenye grisi.

Grisi ni ya joto kali na ni kidogo. Meno ya shafti yapake, telezesha pleti mara mbili, itoe, futa yote iliyosukumwa nje. Weka pia ndani ya beringi ya klachi inapoteleza, kwenye kichwa cha duara ambapo uma unaosukuma beringi unaegemea, na pale uma unapogusa beringi. Ikizidi, inarushwa na mzunguko moja kwa moja kwenye laini.

Upande wa pleti wenye kitovu kirefu na springi zilizotokeza unatazama gia boksi. Nyingi zina mhuri unaoonyesha upande wa flaiwili, usome. Pleti ikigeuzwa, springi zinagusa bolti za flaiwili na klachi haiachii kabisa.

Pleti ikae katikati kwa kile kijiti cha plastiki kinachokuja na seti. Kama hakipo, tafuta shafti kuukuu, au zungushia tepu boksi ya spana mpaka ijae vizuri kwenye kitovu. Macho peke yake hayatoshi: tofauti ya milimita moja inakufanya usukume gia boksi nusu saa nzima. Kaza bolti sita kwa zamu, msalaba, mizunguko kidogo kidogo, mwisho Nm 19. Hizo bolti ni ndogo na Nm 19 sio nguvu kubwa. Mtu mwenye wenzo mrefu anazikata.

Gia boksi ikirudi, isukume kwa mkono mpaka ikutane kabisa na injini ndipo uweke bolti. Ikibaki nafasi, usiivute kwa bolti, maana shafti imegota kwenye meno. Mwenzako azungushe kranki kidogo kwa spana, itaingia yenyewe.

Fundi_Kirikuu

Wakuu, msisahau Kirikuu. Suzuki Carry iko tofauti kwa mambo mawili yanayobadilisha uchunguzi wote.

Kwanza, klachi yake ni ya waya. Pleti ikilika, vidole vya presha vinarudi nyuma, na ule uhuru wa waya unapungua mpaka unaisha. Usiporekebisha, waya wenyewe unakuwa unaivuta klachi muda wote kana kwamba dereva ameweka mguu, na pleti iliyokuwa imebakiza nusu ya maisha inaungua ndani ya wiki. Kwa hiyo Kirikuu ikianza kuteleza, kitu cha kwanza ni kulegeza nati ya waya mpaka mkono wa klachi uwe na uhuru wa takriban milimita 2 hadi 4. Nyingi zinapona hapo hapo. Zisipopona, hapo ndipo pleti imekwisha. Pia kagua waya wenyewe: nyuzi zilizokatika ndani ya kava zinaufanya ugome kurudi.

Pili, gia boksi iko nyuma ya injini na ncha ya shafti inaegemea kwenye beringi ndogo katikati ya kranki. Beringi hiyo ikikauka, shafti inazungushwa na kranki hata klachi ikiwa imeachia, na dalili ni zilezile za rivasi kukwaruza. Toyota mlizoongelea hazina kitu hicho. Kwenye Kirikuu ibadilishe kila unaposhusha.

Kushusha kwake ni rahisi: fungua propela shafti (weka alama ya chokaa kwenye flanji ili irudi mahali pake, isije ikatetemesha gari), nyaya za gia, stata, halafu gia boksi inatoka kwa nyuma.

Na mzigo. Gari hili lina injini ya sisi 660. Ukilijaza tofali na kuliondoa kwa nusu klachi kwenye kila mlima, hakuna chapa ya pleti itakayokusaidia. Gia ya kwanza, achia mapema, halafu ongeza mafuta.

Tanga_Spea

Nimepata mwanga. Mwingine aliniambia nibadilishe pleti pekee, presha na beringi ziko sawa. Mnashauri?

MzeeWaLezi

Kama gia boksi imeshushwa kwa seli tu, klachi ina kilomita chache na vipimo nilivyoandika hapo juu vyote vimepita, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Lakini pleti ikiwa imelika kwa umri, presha yake imefanya kazi kilomita zile zile na springi yake imechoka. Utaona pleti mpya inashika vizuri mjini na kuteleza ukiwa na abiria watano. Beringi ndiyo usiwaze mara mbili. Ni rahisi kuliko zote, na ikifa inashusha gia boksi nzima.

Kuhusu pleti zilizobandikwa laini upya mtaani: springi za kitovu na bati la mawimbi katikati ya laini havijabadilishwa. Bati hilo ndilo linalofanya klachi ishike kwa ulaini. Likiwa limelala, gari litaruka kila ukiondoka hata laini iwe mpya.

Unaponunua angalia kazi ya pleti yenyewe kabla ya jina kwenye boksi. Riveti zote zimelala usawa mmoja, laini hazina mapengo kwenye ukingo, springi hazichezi, namba iliyopigwa kwenye presha inasomeka na inalingana na ya boksi. Chapa za Aisin na Exedy zinaigwa sana, na boksi ndilo linaloigwa vizuri kuliko kilichomo.

Kidole_cha_Presha

Baada ya kufunga kuna kutoa upepo, hata kama hukufungua paipu, kwa sababu mafuta ya zamani huwa meusi na yamejaa maji. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 mapya, sio oili ya injini, sio ya haidroliki ya stelingi: hizo zinavimbisha vipira vyote ndani ya siku chache. Na kwa kuwa baadhi ya magari yanatumia kikombe kimoja na breki, kosa hilo linaondoka na breki pia.

Mpira mwembamba kwenye nipeli, ncha nyingine ndani ya chupa yenye mafuta. Mwenzako akanyage taratibu na kushikilia, fungua robo mzunguko, funga, ndipo aachie. Mpangilio huo usigeuzwe, akiachia kabla hujafunga hewa inarudi. Kikombe kisishuke chini ya nusu. Endelea mpaka mafuta yatoke masafi bila mapovu.

Kisha pima pale klachi inapoachia. Hendibreki juu, vizuizi, injini sailensi, bila kukanyaga klachi sogeza gia polepole kuelekea rivasi mpaka usikie meno yanaanza kugusana tu, usisukume zaidi. Sasa kanyaga pedeli taratibu. Mahali sauti inapokoma, weka alama. Kutoka hapo hadi mwisho wa pedeli lazima kubaki milimita 25 au zaidi. Pungufu ya hapo, bado kuna hewa, au urefu wa pedeli uko chini, au pleti imepinda wakati wa kufunga.

Spana12

Namalizia vilivyobaki. Oili ya gia boksi jaza gari likiwa sawasawa, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, ni hizo lita 1.9. Kilomita 500 za mwanzo usivute gari lingine, usipande mlima na mzigo kamili, usiondoke kwa fujo. Laini mpya inagusa flaiwili kwa sehemu tu mpaka nyuso zizoeane, na ukiipa moto kabla ya hapo inang'aa na haitashika tena vizuri. Harufu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Ya siku ya tatu sio kawaida.

Kwa dereva: kwenye foleni ya mlimani shika gari kwa hendibreki, sio kwa kubalansi klachi. Mguu usipumzike juu ya pedeli, hata ule uzito mdogo unaiweka beringi kwenye kazi safari nzima.

Nati ya shafti gurudumuni iwe mpya, Nm 216, halafu mdomo wake ugongwe tena kuingia kwenye mfereji. Za matairi Nm 103. Hizo za matairi zirudie kukaza zote baada ya siku moja ya kazi.

GerejiYaMama

Wakati unakaza hizo za tairi, piga tochi chini kwenye maungio ya injini na gia boksi. Pakiwa pakavu baada ya siku ya kwanza ya kazi, seli imekaa. Ukiona tone, lipakaze kidoleni ulinuse kabla hujaamua ni la nani.